Kayaki ya Plastiki Iliyobonyea: Kuinyosha na Kuitunza



Mali ya chama haifi kwa siku moja. Hufa kidogo kidogo ghalani, kwa sababu kila mwanachama hudhani kwamba mwenzake ndiye aliyekwenda kuitazama. Mazungumzo haya yanahusu chombo kimoja kidogo, yaani kayaki ya plastiki, ambayo katika mwambao wa Afrika Mashariki hutumika sana kuwatembeza wageni katika hori na mikoko. Hata hivyo, katibu ambaye chama chake hakina kayaki asidhani kwamba hayamhusu, maana mengi yatakayoelezwa yanafaa pia kwa matangi, mapipa na vifaa vingine vya plastiki vilivyonunuliwa kwa fedha za wanachama.

Ichukuliwe kwamba chama kimoja kina kayaki sita. Wakati wa masika wageni wanapungua, na vyombo vinalazwa ghalani, kimoja juu ya kingine, juu ya magogo mawili. Miezi mitatu inapita. Ghala linapofunguliwa, kayaki ya chini kabisa inakutwa imebonyea tumboni mahali pawili, palepale ilipokalia magogo, na kila shimo linatosha kiganja cha mkono. Mwanachama wa kwanza anasema kwamba chombo kimekufa, kiandikwe hasara. Wa pili anataka kiwashwe kienge cha makuti ili plastiki ilainike. Wa tatu ameshika nyundo. Wa nne anasema hakina neno, kiteremshwe majini kama kilivyo, kwa kuwa wageni wanangoja.

Wote wanne wamekosea, na kosa la kila mmoja lina gharama yake. Wa kwanza anatupa mali nzima. Wa pili na wa tatu wanageuza ugonjwa mdogo kuwa kilema. Wa nne huenda akahatarisha maisha ya mtu. Ili kuona kwa nini ni hivyo, hapana budi kuanza na plastiki yenyewe.

PLASTIKI HII NI KITU GANI?

Kayaki asili yake ni kwa Wainuiti wa nchi za barafu za Kaskazini, ambao waliiunda kwa ngozi za sili zilizowambwa juu ya mifupa au vijiti. Kayaki nyingi za kukodisha za siku hizi zimetengenezwa kwa polithini nzito, ambayo ni jamaa wa karibu wa dumu la maji lililomo katika kila nyumba. Polithini iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933, na njia ya kutengeneza ile iliyo nzito na ngumu zaidi bila kutumia shinikizo kubwa ilipatikana Ujerumani mwaka 1953, katika maabara ya Karl Ziegler.

Kiwandani, unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma yenye umbo la kayaki, na kalibu hiyo huzungushwa ndani ya tanuri. Unga huyeyuka, hutanda ukutani mwa kalibu pande zote, kisha hupozwa mpaka ukaganda. Chombo hutoka kikiwa kipande kimoja, bila msumari wala kiungo cha ubao, na hakihitaji kalafati wala deheni. Umbo lile kilichogandia ndilo umbo lake la asili. Kikisukumwa polepole na uzito hadi kikabonyea, sehemu kubwa ya plastiki huwa imejikunja tu, haijakatika. Ikipata joto la kutosha hulegea, nayo huelekea kurudi katika umbo lile la kwanza. Hiyo ndiyo siri ya matengenezo yote yatakayoelezwa hapa: fundi halazimishi plastiki, bali huipa nafasi ya kurudi kwao.

SABABU ZA KUBONYEA

Mambo matatu hukutana: uzito, joto na muda. Plastiki inaweza kustahimili pigo la mwamba na kurudi palepale, lakini ikikaliwa na uzito mdogo kwa wiki nyingi, hasa ndani ya ghala la mabati lenye joto, huanza kutii uzito ule.

Mikanda ya kufungia mizigo nayo huleta madhara hayohayo. Polithini hutanuka kwa joto zaidi ya mara 10 kuliko chuma. Kayaki ya urefu wa meta 4, ikipanda joto kwa nyuzi 20 za Sentigredi, huweza kurefuka kwa kiasi cha sentimeta 1, na unene wa mwili wake huongezeka vilevile kwa kadiri yake. Basi chombo kilichokazwa sana asubuhi juu ya gari hutanuka adhuhuri, na mkanda usiotanuka pamoja nacho huzama ubavuni.

Sababu nyingine ni hewa iliyofungiwa. Kayaki iliyoanikwa juani na vifuniko vyake vikiwa vimekazwa hujaa hewa ya moto. Ikitoswa ghafla majini, na hewa hiyo ikapoa kutoka nyuzi 50 hadi 27, hewa hupungua karibu sehemu 7 katika kila 100, na tumbo la chombo hufyonzwa kwenda ndani.

KUPAMBANUA UGONJWA

Kabla ya maji kutengwa jikoni, chombo kioshwe kwa maji baridi na sabuni, kikaushwe, kisha kichunguzwe mchana kweupe. Mbonyeo ni mahali palipoingia ndani lakini uso wake ni mzima. Ufa ni jambo jingine kabisa. Fundi apitishe ukucha polepole katikati ya mbonyeo na pembezoni mwake. Ukucha ukinasa, hapo pana mashaka. Mstari mweupe mahali palipokunjika huonyesha kwamba plastiki imechoka. Kisha maji kidogo yatiwe ndani, chombo kiinuliwe omo, halafu tezi, na nje pakaguliwe kama pana tone lolote.

Uso wote ukiwa umefifia rangi, unatoa unga mkononi na una mikwaruzo kama ya udongo mkavu, basi jua limekwisha kuila plastiki hiyo. Joto halitaiponya. Chombo cha namna hii, na kile chenye ufa, kitengwe na kiandikwe kwamba hakikodishwi mpaka kionwe na fundi mwenye ujuzi wa kuunga plastiki kwa joto. Afahamu pia kwamba aina moja ya polithini, ambayo nyuzi zake zilifungamanishwa kiwandani, haiyeyuki tena na kwa hiyo haiungiki kwa njia hiyo.

HATUA ZA MATENGENEZO

Hatua ya kwanza ni jua. Uzito wote uondolewe, vifuniko vifunguliwe, na kayaki ipinduliwe tumbo juu, ikiegemea kingo zake juu ya magunia au mchanga laini. Iachwe saa mbili au tatu za adhuhuri. Mibonyeo mingi iliyopatikana karibuni hupanda yenyewe, bila gharama hata ya senti moja. Ikipanda nusu, irudiwe siku ya pili. Yafaa kukumbuka kwamba mbonyeo wa wiki moja hurejea upesi kuliko ule wa mwaka.

Hatua ya pili ni maji ya moto. Hapa pana faraja kubwa kwa fundi: maji huchemka kwa nyuzi 100, hali polithini nzito huyeyuka kati ya nyuzi 120 na 135. Kwa hiyo maji yanaweza kuilainisha, lakini hayawezi kuiyeyusha. Gunia au kitambaa kizito kilazwe juu ya mbonyeo, na maji yanayochemka yamiminwe juu yake polepole, yarudiwe mara kadhaa mpaka joto lipenye unene wote wa plastiki. Kazi hii ifanywe na watu wawili, wenye viatu na glavu, na watoto wawekwe mbali, kwa sababu maji hayo huunguza mtu kabla hayajalainisha chombo.

Plastiki ikilegea, mtu wa pili aisukume kutoka ndani kwa kipande cha ubao kipana kilichoviringishwa nguo. Asitumie ncha ya mti, maana ncha hutoa nundu badala ya shimo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nayo plastiki hunyoshwa ingali moto. Ikiwa mkono haufiki au nguvu haitoshi, jeki ndogo ya gari yaweza kutumika ndani, mradi pawe na ubao mpana chini yake na mwingine juu yake, na ikazwe kidogo kidogo, la sivyo itaharibu sitaha huku ikinyosha tumbo.

Hatua ya tatu hupuuzwa na wengi, nayo ni kupoza. Sehemu iliyonyoshwa ikiachiliwa ingali moto huweza kuzama tena. Basi ubao uendelee kushikiliwa ndani, na nje palazwe vitambaa vilivyochovywa katika maji baridi, vibadilishwe mara kwa mara mpaka mkono ukigusa usihisi joto lolote. Ndipo tegemeo liondolewe, na chombo kipumzishwe kivulini hadi kesho yake.

Mahali penye umeme, mashine ya kukaushia nywele yaweza kusaidia panapobakia ukaidi. Mashine kubwa ya hewa ya moto inayotumiwa na mafundi wa rangi ni hatari zaidi, kwani hewa yake huweza kupita nyuzi 500. Anayeitumia aiweke mbali kiasi cha shubiri moja, aizungushe bila kusimama, na aache mara tu uso unapoanza kung'aa, kwa maana mng'ao huo ni dalili ya kuyeyuka.

Chombo kisipopata kunyoka kikamilifu, halmashauri isisononeke. Wimbi dogo tumboni hupunguza mwendo kidogo tu na halizamishi mtu. Kayaki ilinunuliwa ifanye kazi, haikununuliwa itazamwe.

MAMBO YA KUEPUKA

Moto wa wazi ni marufuku. Kienge cha makuti hakina kipimo. Mahali pamoja huyeyuka na kutoboka wakati mahali pa pili pangali baridi, na polithini ikishika moto huwaka na kudondosha matone yanayounguza. Nyundo nayo ni adui, kwa kuwa plastiki baridi iliyokunjika, ikigongwa, hupata ufa pale ambapo palikuwa na mbonyeo tu. Wala mbonyeo usijazwe gundi au utomvu wa kutengenezea mashua za faiba, maana polithini haishikani na gundi za kawaida. Baada ya safari chache kibandiko hubanduka.

KINGA NA DAFTARI

Kunyosha chombo leo na kukirudisha juu ya magogo yaleyale ni kuchota maji kwa pakacha. Kayaki ihifadhiwe kivulini, kwa ubavu au imepinduliwa, juu ya mikanda mipana au mbao pana zilizofunikwa kwa magunia. Tegemeo moja liwe karibu na omo na jingine karibu na tezi, ambako umbo la chombo lina nguvu, wala si chini ya tumbo. Vyombo visirundikwe. Vifuniko vilegezwe vinapokuwa nchi kavu, na vikazwe tena kabla ya kuingia majini. Garini, mikanda ikazwe kiasi cha kuzuia mtikisiko tu, na ikaguliwe jua linapopanda.

Yote hayo yatakuwa bure pasipo mtu wa kuulizwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kayaki ipewe namba iliyoandikwa kwa rangi, na kila namba iwe na ukurasa wake. Humo ziandikwe tarehe ya kununuliwa, tarehe za ukaguzi, mahali palipobonyea, matengenezo yaliyofanywa na jina la aliyeyafanya. Wakati wa masika ukaguzi ufanywe kila wiki mbili, na mkaguzi atie sahihi. Baada ya matengenezo, chombo kijaribiwe kwanza katika maji mafupi na mwanachama ajuaye kuogelea, aliyevaa jaketi la kujiokolea, kwa muda usiopungua nusu saa. Kikirudi kikavu ndani, ndipo katibu aandike kwamba kinafaa kukodishwa.

Sasa wanachama wanne wa ghala lile wanaweza kujibiwa. Wa kwanza aambiwe kwamba chombo hakijafa, kiwekwe juani kwanza. Wa pili azime kienge na kuteleka maji. Wa tatu aweke nyundo chini na kushika ubao uliovishwa nguo. Wa nne, aliye na haraka, aelezwe kwamba wageni wangoje hadi kesho, kwa sababu chama kinaweza kulipa hasara ya siku moja ya kukodisha, lakini hakiwezi kulipa roho ya mtu. Na wote wanne, pamoja na katibu wao, waende wakayaondoe yale magogo mawili, kwa maana ndiyo yaliyoibonyeza kayaki, na hakuna aliyeyatazama kwa miezi mitatu.