Mbwa Mkubwa Apate Nyumba

Msikilizaji wa Matai, nawe uliye Kasesya, umemwokota mbwa mkubwa aliyetelekezwa? Usimpe mtu wa kwanza anayetafuta mlinzi. Chanjo kwanza, nyumba baadaye.

Mwone afisa mifugo, mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Omba cheti. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Akiwa anatokwa udenda na kushambulia ovyo, usimguse. Mwite afisa aje.

Keshachanjwa? Sasa mchunguze anayemtaka. Ana uzio? Mbwa huyu anakula ugali na dagaa kama kijana wa sekondari, chakula kipo? Banda je? Baridi ya Ufipa mwezi Juni na Julai si mchezo, hata kwa mwenye manyoya. Watoto wamzoee taratibu, mtu mzima akiwepo. Anayepanga kumfunga mnyororo mchana kutwa, mnyime. Mbwa wa hivyo huwa mkali, na si kwa wezi tu.

Narudia: chanjo kwanza, nyumba baadaye.

Aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Kisha kituo cha afya, siku hiyohiyo.