Nyota ya Mamajusi

Huku kwetu Ubaruku, katika tambarare ya Usangu, mtu angojaye zamu ya maji ya mpunga usiku huiona mbingu nzima, maana hapana kilima cha karibu kinachoizuia. Noeli ikikaribia, watoto wa shule huuliza: ile nyota ya mamajusi, isimuliwayo katika sura ya pili ya Mathayo, ilikuwa nyota gani? Wako wazee wajibuo kwamba si adabu kuuliza. Sisi hatuoni hivyo, kwa kuwa mamajusi wenyewe walikuwa watu wa kuzichungua nyota.

Na tuanze na miaka. Mfalme Herode, aliyekuwa hai mtoto alipozaliwa, alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, kwa hesabu ya wataalamu wengi. Jambo hili lisiwashangaze: mtawa Dionysius, aliyepanga hesabu ya miaka yetu katika karne ya 6, alikosea kidogo. Basi nyota yetu itafutwe kabla ya mwaka huo.

Wengine husema ni kimondo. Ndugu zetu wa Mbozi wanacho chao, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Lakini kimondo kikianguka huwaka nukta chache tu. Chawezaje kumwongoza msafiri aliye safarini majuma mengi? Nyota ya mkia yafaa zaidi. Ile ya Halley, iliyoonekana tena mwaka 1910 na 1986, ilipita mwaka wa 12 kabla ya Kristo, nao ni mapema mno. Wachina waliandika habari za nyingine, waliyoiita nyota ya ufagio, iliyoonekana zaidi ya siku 70 mwaka wa 5. Mwaka huo wafaa. Lakini tazameni: Herode aliwaita mamajusi kwa siri awaulize nyota ilianza kuonekana lini. Kama ingaliwaka wazi juu ya Yerusalemu, angaliwauliza nini?

Neno hilo ndilo lituvutalo kwa Johannes Kepler, Mjerumani. Desemba 1603 aliona Mshtarii na Zohali, nazo ni sayari, yaani nyota zitembeazo, zimekaribiana. Alipopiga hesabu kurudi nyuma alikuta kwamba zilikutana pia mwaka wa 7 kabla ya Kristo, mara tatu, katika nyota za Samaki. Kepler mwenyewe alidhani kukutana huko kulifuatwa na nyota mpya, kama ile aliyoiona mwaka 1604.

Mara tatu kwa namna gani? Mpanda baiskeli atokaye Rujewa kuja Ubaruku, akiupita mkokoteni wa ng'ombe, huuona kama warudi nyuma mbele ya milima ya mbali, ingawa waenda mbele. Dunia yetu ndiyo baiskeli. Kwa macho yetu sayari husimama, hurudi, husimama tena, kisha huendelea. Tena, jioni za mwisho wa mwaka ule wa 7 zilikuwa upande wa kusini; na njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Bethlehemu, kilomita 9 hivi, yaelekea kusini.

Hata hivyo hazikuwa nyota moja. Baina yao palitosha kupangwa miezi mipevu miwili bega kwa bega. Jioni ya tarehe 21 Desemba 2020 zilikaribiana zaidi, zikaachana kwa sehemu ya tano tu ya upana wa mwezi, wala hatukusikia kwamba mfalme yeyote alifadhaika! Tena hapana nyota iwezayo kuchagua nyumba: ukiiona juu ya ghala lako, jirani naye aiona juu ya ghala lake. Hapo wapimao nyota hunyamaza, na msomaji hubaki na Mathayo.

Mshtarii na Zohali zitakutana tena mwanzoni mwa Novemba 2040. Nafasi baina yao itakuwa karibu kama ile ya mwaka wa 7. Watoto watuulizao leo watakuwa watu wazima wenye mashamba yao; na waamke kabla ya mapambazuko, watazame mashariki.