Tusiwaharakishe Wafiwa: Mada kwa Semina ya Wazee wa Kanisa



Nimeombwa nizungumze juu ya kumshukuru Mungu tukiwa katika mateso. Nianze na kauli tunayoitumia mno misibani, ile ya kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Kauli hiyo ni ya Ayubu, na aliisema juu ya wanawe mwenyewe, siku ile ile alipoletewa habari za vifo vyao. Hakuna jirani aliyemhimiza aitamke. Sisi tumeigeuza kuwa salamu ya mgeni: mama amezika mtoto jana, nasi hata hatujaketi vizuri tumeshamwambia ashukuru, asije akakufuru.

Someni mpaka sura ya 3 mumkute Ayubu huyo huyo akiilaani siku aliyozaliwa. Mwishoni mwa kitabu waliokaripiwa na Mungu ni rafiki zake. Watu hao walikuwa wamekaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vema kabisa. Shida ilianza walipotaka kumweleza sababu ya mateso yake.

Zaburi ya 13 huanza kwa kulalamika na kuishia kwa kuimba. Lakini ya 88 huishia gizani, bila shukrani yoyote, na bado ni sala ya watu wa Mungu. Mfiwa ambaye leo hana cha kuomba isipokuwa Zaburi ya 88 hajaiacha imani. Bado analia akimwelekea Mungu.

Wapo wanaoshukuru mapema, na shukrani yao ni ya kweli. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977, baada ya maaskofu kumwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kijijini kwao, na ibada ya mazishi Kampala ikakatazwa. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata Wakristo kwa maelfu walifurika kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Kaburi walilomchimbia, jirani na la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885, lilikuwa tupu. Kando ya kaburi hilo wakaimba sifa na kukumbushana ufufuo wa Bwana. Hawakuwa wakikishukuru kifo. Kifo kile kilikuwa uovu, na maaskofu walikwisha kuukemea uovu huo kwa maandishi. Walimshukuru Kristo, ambaye Amin hakuweza kuwanyang'anya.

Mwenzake Luwum, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alipita njia ndefu zaidi. Alitoroka usiku na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Aliandika waziwazi kwamba moyo wake ulijaa uchungu dhidi ya Amin, ukaanza kumkausha kiroho. Ilikuwa Ijumaa Kuu ya mwaka huo, ndani ya kanisa moja mjini London, aliposikia tena jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, ndipo akaona kuwa naye lazima asamehe. Askofu, mhubiri aliyejulikana Afrika nzima, alihitaji majuma kadhaa. Kwa nini tumpe mjane wa jumuiya yetu siku tatu?

Nami naamini kwa moyo wote kwamba shukrani huja. Nimeiona kwa wagonjwa na kwa waliofiwa, tena kwa nguvu inayotuaibisha sisi wazima. Ila hutolewa na anayeumia mwenyewe, kwa wakati wake.

Kwa hiyo naleta mambo mawili tuyajadili katika vikundi. Katika ibada ya faraja, tusome zaburi ya maombolezo kabla ya kuimba pambio la shangwe. Na kila jumuiya ichague watu wawili wa kumtembelea mfiwa mwezi wa pili na wa tatu baada ya maziko, turubai likiwa limeshaondolewa na ndugu wa mbali wamerudi makwao. Waende na unga au sukari, wamwache azungumze, na wasimwombe ushuhuda.