Meza ya Roma na Bunduki za Cabo Delgado



Wahenga walisema kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Leo tumekusudia kuipima methali hiyo, kwa maana kila mara waasi wenye siasa kali wanapoua, serikali huikimbilia, nasi kwa hofu huitikia. Tutaipima nchini Msumbiji, iliyopigana vita viwili na kuvitafutia dawa mbili.

Vita vya kwanza vilidumu tangu 1977 hadi 1992. RENAMO ilizaliwa kwa msaada wa utawala wa walowezi wa Rhodesia, kisha ikalelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Ilichoma shule na zahanati, ikateka watoto, ikakata watu masikio na midomo. Yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Serikali ya FRELIMO iliwaita waasi hao majambazi, na kwa miaka mingi ikakataa kuketi nao. Ilikuwa na jeshi lake, ikasaidiwa na askari wa Zimbabwe na Tanzania, na bado vita havikwisha.

Waliothubutu kutafuta njia nyingine walikuwa watu wa kanisa. Mwaka 1989 maaskofu wa Msumbiji, Wakatoliki na Waanglikana, walikutana na wajumbe wa RENAMO mjini Nairobi, katika nchi yetu hii. Julai 1990 mazungumzo yalifunguliwa Roma, katika jumuiya ya Sant'Egidio, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira akiwa mmoja wa wapatanishi. Yalichukua zaidi ya miaka miwili. Tarehe 4 Oktoba 1992 Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama wakatia sahihi.

Je, waasi walipewa nini? Hawakupewa ikulu. Walipewa nafasi ya kuomba kura. Katiba ya 1990 ilikuwa imekwisha kuruhusu vyama vingi, na uchaguzi wa 1994 uliipa FRELIMO viti 129 na RENAMO viti 112 katika bunge la viti 250. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza kupokea silaha na kutoa majembe, cherehani na baiskeli.

Hatusemi kwamba meza ile ilikuwa takatifu. Msamaha wa 1992 uliwafungia mlango wa mahakama waliotendewa ukatili. Tena, manung'uniko juu ya kura na kugawana madaraka yalipokosa kusikilizwa, bunduki zililia upya mwaka 2013, na ilibidi mkataba mwingine utiwe sahihi Agosti 2019. Amani iliyoletwa na siasa hulindwa na haki. Ikikosa haki, huoza.

Vita vya pili vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, vijana walipovamia vituo vya polisi huko Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, katika pwani ambako Kiswahili nacho husikika. Viongozi wa Kiislamu wa huko walikuwa wamekwisha kuwaonya wakubwa juu ya kikundi hicho. Lakini mbegu ya chuki ilipata udongo. Rubi zilikuwa zimegunduliwa Montepuez mwaka 2009, na gesi katika bahari ya Rovuma mwaka 2010. Wachimbaji wadogo walifukuzwa machimboni. Wanavijiji wa Afungi walihamishwa kupisha mradi wa gesi. Utajiri ulipita mbele ya macho ya vijana wasio na kazi wala msemaji. Serikali ilijibu kwa kamatakamata na kufunga misikiti.

Julai 2021 askari wa Rwanda na wa nchi za SADC waliingia, na mwezi uliofuata Mocímboa ikakombolewa. Tunakiri kwamba bila bunduki hizo watu wengi wasingerudi makwao. Hata hivyo, mapema mwaka 2024 wakazi wa Chiúre walikimbia mashambulizi mapya. Askari hulinda kijiji. Hawezi kumrudisha kijana aliyekata tamaa.

Mtatuuliza: anayechinja watu kwa jina la Mungu, tuketi naye wapi? Swali ni la haki, kwani si kila muasi ana Dhlakama wa kutia sahihi. Lakini hata kiongozi wao asipoonekana, kijana ambaye bado hajaenda msituni anaonekana. Huyo ndiye wa kuzungumza naye kwanza. Afunguliwe mlango wa kurudi aliyechoka. Ahukumiwe muuaji, awe muasi au askari. Na mwenye ardhi apate fungu lake la haki.

Nasi Wakenya tujitazame. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kamatakamata ile haikuwakinga.

Basi tunaomba jambo moja la kuanzia. Kila kanisa lipeleke wazee wake kwenye msikiti ulio jirani, wakaulize ni vijana gani waliotoweka, nani aliwachukua, na kesi zao ziko wapi. Majina hayo tuyaandike, tuyadai mbele ya sheria. Upanga waweza kuuteka mji, kuuongoza hauwezi.