Kuhesabu mpaka 48

Maneno tuliyosema ku mukutano wa wanamemba, Kapolowe



Tangu tulirudi toka Zambia, mambo mawili yanatusumbua sana: shamba na buloko. Leo tuseme juu ya buloko.

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Bendera ilibadilika, na kisha Jadotville ikaitwa Likasi. Lakini buku ya makosa na azabu ilibakia ile Wabelgiji waliandika tarehe 30 Januari 1940. Ile ya kufuata kesi ni ya tarehe 6 Agosti 1959. Mpaka leo juji anafungua zile mbili.

Hatusemi hakuna kilichofanyika. Serikali imetia viraka. Julai 2006 sheria ya ubakaji ilipewa nguvu. Julai 2011 kutesa mutu kuliandikwa kuwa kosa. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema: mutu akikamatwa aambiwe sababu mu luga anayosikia, awasiliane na jamaa ao avoka wake, na saa 48 zikiisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Lakini munajua yaliyotupata. Mwenzetu mumoja, muvuvi wa Ziwa Tshangalele, alifungwa siku sita juu ya deni ya nyavu. Tangu 1976 inchi yetu iko mu mapatano ya mataifa yanayokataza kufunga mutu juu ya deni tu. Sisi hatukujua. Hakuna aliyehesabu saa. Tulichanga feza, tukalipa bila risiti. Alitoka, lakini sanduku ilibakia tupu, na mujane mumoja akakosa feza ya masomo ya watoto. Kosa hiyo ni yetu pia, tunaikubali mbele yenu.

Basi tunaomba mukutano ukubali mambo matatu. Kwanza, mutu akikamatwa, jamaa waandike saa na waite komite, hata usiku. Pili, wawili waende pamoja, waulize kwa heshima: kosa gani, na aliingia saa ngapi? Tatu, feza ya sanduku isitoke tena bila risiti ya Serikali. Afazali ilipe avoka.

Buku ya 1940 haitaandikwa upya hapa Kapolowe. Lakini kuhesabu mpaka 48, ile tunaweza.