Plagi Hufuata Injini, Haifuati Duka

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za pwani ya Kilwa kuhusu uchaguzi wa plagi za pikipiki, boti na magari



Katika wilaya ambayo mgonjwa wa Songo Songo hawezi kufika hospitali ya Kinyonga bila kupanda chombo, na mjamzito wa vijiji vya barabara ya Njinjo mara nyingi huifikia Nangurukuru juu ya pikipiki, kipande cha chuma na kauri kinachoenea kiganjani kina uzito kuliko umbo lake. Injini ya petroli haiendi bila cheche, na cheche hutoka kwenye plagi. Plagi iliyokufa hujulisha mapema, kwa kuwa injini haiwaki. Plagi isiyo ya injini ile ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana huwaka vizuri mbele ya duka, huwaka vizuri bandarini Masoko, kisha huizima mashine katikati ya mkondo wakati kusi imeshika.

Wanunuzi wengi huchagua plagi kwa macho. Huipeleka ya zamani dukani, hulinganisha unene wa hesi, na ikiingia tunduni biashara imekwisha. Lakini unene ni kipimo kimoja tu kati ya vitatu. Kipimo cha pili ni urefu wa hesi, na cha tatu ni kiwango cha joto, ambacho hakionekani kwa macho hata kidogo.

Vipimo hivyo vyote vimeandikwa katika namba ya plagi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria nchini zimejengwa kwa mfano wa injini ya Honda CG125, ambayo plagi yake katika hesabu za kiwanda cha NGK cha Japani ni D8EA. Herufi D hueleza kwamba hesi ina unene wa milimita 12. 8 ni kiwango cha joto. E hueleza urefu wa hesi, milimita 19. Pikipiki ndogo kadhaa hutumia C7HSA, yenye hesi nyembamba ya milimita 10 na urefu wa milimita 12.7. Mashine nyingi za boti za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa na petroli, hutumia jamii ya B7HS au B8HS, nene ya milimita 14 na fupi ya milimita 12.7. Ikiongezwa herufi R, plagi ina kizuizi cha umeme ndani yake kinachozuia cheche isivuruge redio na vifaa vya kielektroniki. Penye R katika kitabu cha chombo, R hiyo haiachwi.

Hasara ya urefu usio wake ni kubwa. Plagi ndefu kupita kiasi hujitokeza ndani ya silinda na huweza kugongwa na pistoni. Fupi hujificha ndani ya tundu lake, cheche haiwashi petroli ipasavyo, na masizi hujaza hesi zilizobaki wazi. Siku mwenye chombo anaponunua plagi sahihi, haiingii. Fundi akilazimisha, hesi za hedi huliwa.

Kiwango cha joto kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu majina yake yanapotosha. Ncha ya plagi inapaswa kukaa kati ya takribani nyuzi 450 na 850 za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui, hujikusanya, na umeme hupita juu ya masizi badala ya kuruka mwanya. Juu ya hapo ncha huwa kaa la moto: petroli hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni huweza kutoboka. Plagi iitwayo ya moto ina kauri ndefu ndani, hivyo joto hukawia kuondoka. Iitwayo ya baridi ina kauri fupi, na joto hukimbilia hedi upesi. Mhandisi wa kiwanda ndiye aliyechagua kati ya hizo mbili, kwa kuipima injini ile ikiwa na mzigo wake.

Pwani hii ipo dhana kwamba, kwa kuwa jua la Kilwa ni kali, plagi ya baridi hufaa zaidi. Haina msingi. Tofauti ya nyuzi kumi za hewa ya nje ni kitu kidogo mno mbele ya joto la ndani ya silinda. Anayefuata dhana hiyo hujipatia plagi inayojaa masizi kila wiki, kisha hulaumu petroli.

Mtego mwingine umo katika namba zenyewe. Kwa NGK na Denso, namba inavyopanda plagi huwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi huwa ya moto zaidi. Kwa hiyo 7 ya kiwanda kimoja na 7 ya kingine hazina udugu wowote, na muuzaji anayesema “zote ni namba saba” hajajibu swali. Jibu limo katika jedwali la ulinganifu ambalo viwanda hutoa, au katika kitabu cha chombo.

Kabla ya kununua mpya, ya zamani isomwe. Ni shahidi asiyelipwa. Ncha ya rangi ya udongo mwepesi au kijivu katika pikipiki ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na katika barabara zetu za vumbi mshtakiwa wa kwanza ni kichujio cha hewa kilichoziba. Oili mbichi kwenye ncha ya pikipiki hueleza ringi zilizochoka. Ncha nyeupe yenye malengelenge ni onyo la joto kali, na hapo kubadili plagi bila kutafuta chanzo ni kutupa fedha. Kwenye mashine ya boti, chanzo hicho mara nyingi ni njia ya maji ya kupozea iliyozibwa na mchanga au mwani.

Wavuvi wana tatizo lao mahususi. Mashine ya mipigo miwili inayokwenda polepole kwa muda mrefu, kama wakati wa kutega nyavu, haipati joto la kutosha, na oili hulowanisha plagi. Wengine hutafuta nafuu kwa kuweka plagi ya moto zaidi. Nafuu hiyo hudumu mpaka safari ya kurudi, mashine inapofunguliwa yote ikiwa na mzigo wa samaki, na ndipo pistoni hulipa deni. Dawa ni kupima oili kwa kipimo cha kiwanda badala ya kukisia kwa jicho, na kuzungusha mashine kwa kasi dakika chache kila baada ya kazi ya polepole. Petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu hesabu yote hii.

Plagi bandia zipo sokoni. Maandishi yaliyofifia juu ya kauri, hesi zenye makali, ncha ya kati isiyokaa katikati na bei ya chini isiyoelezeka ni dalili za kutosha za kuiacha. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, na risiti ndiyo huipa nguvu taarifa ya mnunuzi.

Kwa wenye magari, maneno machache yanatosha. Injini za dizeli hazina plagi za cheche. Zilizo nazo ni za kupasha moto tu, na hazibadilishani kazi. Plagi za iridiamu hazigongwigongwi ili kurekebisha mwanya, kwani ncha yake nyembamba huvunjika. Na injini yenye plagi zaidi ya moja, zikiwemo baadhi ya Bajaj zenye plagi mbili katika silinda moja, hubadilishiwa zote kwa pamoja.

Ufungaji hufanywa injini ikiwa imepoa. Mwanya hupimwa kwanza. Tarakimu ya mwisho baada ya kistari, kama 9 au 11, humaanisha milimita 0.9 au 1.1, na pasipo kistari kitabu ndicho husema. Plagi huingizwa kwa vidole mpaka ikae, kisha mpya hukazwa kwa spana karibu nusu mzunguko ili washa yake ibanwe. Ya zamani inayorudishwa huhitaji kiasi kidogo tu, yapata sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko. Hedi ni ya aluminiamu, na mikono yenye nguvu imeziua nyingi.

Kwa vyombo vya baharini, plagi za akiba zenye namba ileile, zilizokwisha kupimwa mwanya, pamoja na spana yake na kitambaa kikavu, hufungwa ndani ya chupa yenye kifuniko kisichopitisha maji ya chumvi, na chupa hiyo hukaa chomboni, si nyumbani kwa nahodha.