SOMO LA REDIO: KUPATWA KWA MWEZI

Ndugu wasikilizaji wa Bisibo, na wa Ngara na Biharamulo kote, leo tutajifunza kwa nini mwezi hupatwa, na jinsi ya kuutazama ukiwa uani kwako.

Kwanza tufanye jaribio. Mwalimu, washa taa moja tu darasani. Taa hiyo ni jua. Mwanafunzi mmoja asimame akiipa taa mgongo. Kichwa chake ni dunia. Ashike ndimu iliyochomekwa kijitini, ainyoshe mbele yake. Ndimu ni mwezi. Je, mnaona? Kivuli cha kichwa kimeifunika ndimu. Basi, huko ndiko kupatwa kwa mwezi: dunia imesimama kati ya jua na mwezi, na kivuli chake kimeufunika mwezi.

Sasa ainue ndimu juu kidogo. Mwanga umeifikia tena. Ndiyo sababu mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Njia yake imeinama kidogo, hivyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli chetu.

Mwezi ukifunikwa wote hauwi mweusi kabisa, bali huwa mwekundu. Si damu. Mwanga kidogo wa jua hupenya pembeni mwa dunia, katika hewa yetu, na hewa huupitisha zaidi ule mwekundu. Ni wekundu uleule uuonao jua linapotua.

Zamani, katika nchi nyingi, watu walisema nyoka au joka ameumeza mwezi. Hatuwacheki; walitafuta sababu kama sisi. Lakini akija mtu leo kukuambia kwamba mwezi mwekundu ni dalili ya msiba, naye ataka kuku au fedha ili auondoe, mwulize swali moja: mbona siku na saa yake zilijulikana miaka mingi kabla?

Naam, zinajulikana, na ajuaye kusoma huzipata mapema. Ila saa mara nyingi huandikwa hivi: 20:30. Usibabaike. Kuanzia 19:00 hadi kabla ya usiku wa manane, toa 18. Itabaki 2:30, yaani saa mbili na nusu usiku. Ndiyo saa mwezi ulipofunikwa wote Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025. Ulikaa hivyo dakika 82. Tarehe 27 Julai 2018 ulifunikwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii.

Kutazama kwenyewe ni rahisi. Huhitaji darubini wala kulipa senti. Zima taa, toka nje, ngoja macho yazoee giza. Chukua blanketi, kwa kuwa jambo hili huenda polepole. Tazama ukingo wa kivuli mwezini: umepinda, kwa sababu dunia ni mviringo. Mawingu yakifunika, usikate tamaa upesi. Huenda yakapasuka kabla kivuli hakijaondoka.

Wala msiwafungie watoto ndani. Mwezi uliopatwa haudhuru macho, maana hata mwezi mpevu usiopatwa hauyadhuru. Jua ni jambo jingine. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, na watu wakakusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama kwa macho makavu kulikuwa hatari. Jua lataka miwani maalumu, mwezi hautaki.

Andikeni daftarini: tarehe 31 Desemba 2028. Jioni hiyo, kwetu, mwezi utachomoza ukiwa umekwisha kufunikwa karibu wote. Utakuwa chini sana upande wa mashariki, tena ni majira ya mvua. Basi chagueni mapema mahali ambapo kilima au migomba haizuii macho upande huo. Atakayeutafuta juu ya paa lake saa ile hatauona.

MASWALI YA DARASANI

1. Katika jaribio letu, kichwa ni nini? Na ndimu je?
2. Kwa nini mwezi haupatwi kila mwezi mpevu?
3. Katikati ya kupatwa kwa mwezi tarehe 31 Desemba 2028 itakuwa 19:52. Hiyo ni saa ngapi kwa Kiswahili?
4. Mwandikie jirani barua fupi, umweleze kwa nini asiogope.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.